Mwenye leseni halali naye aruhusiwe kufungua kufuli la programu

Mhariri,

Wengi huamini kwamba ukishanunua programu na risiti unayo, kufungua kufuli lake ni haki yako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haijafika hapo. Kifungu cha 26 kinamruhusu mwenye nakala halali ya programu kutengeneza nakala ya akiba na kusahihisha kasoro bila kuomba ruhusa. Lakini kifungu cha 35 kinasema kukwepa kinga ya kiufundi, yaani hilo kufuli, inayolinda kazi yenye hakimiliki ni kukiuka hakimiliki, na hapo mwenye leseni hatajwi.

Taabu hii inawakumba hasa wanaotumia programu za uhasibu na za kuchora majengo zinazolindwa kwa kifaa mfano wa flashi, kinachochomekwa kwenye USB. Programu hukiuliza kifaa hicho kila inapofunguliwa, nyingine hata katikati ya kazi. Kikiungua, kunakili mafaili hakusaidii kitu, maana siri imo ndani ya chipu. Nyingine hufungwa kwa alama za kompyuta yenyewe: namba ya diski, ya ubao mama (motherboard), ya kadi ya mtandao. Badilisha ubao mama, nayo itadhani imehamishiwa mashine nyingine.

Marekani, ambako sheria ya 1998 nayo inakataza kukwepa kinga, misamaha ya katazo hilo hupitiwa kila baada ya miaka 3. Mwaka 2003, 2006 na 2010 ilisamehe programu ambazo kifaa chake kimeharibika na hakipatikani kingine. Ila msamaha ulihusu kitendo cha kufungua tu. Kuuza zana za kufungulia kulibaki marufuku, kwa hiyo asiyejua kuandika programu hakufaidika. Tusirudie kosa hilo. Bunge liongeze katika kifungu cha 35 kwamba kukwepa kinga ili kufanya kinachoruhusiwa na kifungu cha 26 si kosa, na ruhusa hiyo imfikie pia fundi aliyeajiriwa na mwenye leseni.

Kwa sasa, njia salama ni hizi. Kabla ya kufomati kompyuta au kubadilisha ubao mama, ondoa leseni kwanza kupitia menyu ya programu. Ukisahau, mtengenezaji atahesabu mashine mbili. Hifadhi risiti na namba ya leseni nje ya kompyuta hiyo. Kifaa kikianza kukatika, usingoje kife: mwandikie muuzaji kikiwa bado kinasomeka, kwa kuwa wengi hudai kile cha zamani ndipo watoe kipya.

Na faili lililokrakiwa, yaani lililokwisha kuvunjwa kufuli, la mtandaoni msiliguse hata kama leseni mnayo. Maelekezo yake karibu siku zote huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi, na ukishaizima huna tena namna ya kujua kilichoingia pamoja nalo kwenye mashine yenye hesabu za wateja.

Msomaji wenu,
Mombasa