Barua kwa mwanangu: Kwa nini Rais asiamue tu?

Ng'ambo, Tabora

Mwanangu Zuhura,

Hatujambo. Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini Rais asiamue tu mambo yakaisha. Nakujibu kwa jambo linalokugusa wewe binti.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilivyoandikwa, mvulana huoa akifika miaka 18, lakini binti wa miaka 15 aweza kuozwa baba akiridhia, hata wa 14 mahakama ikiruhusu. Sheria hiyo ilipita bungeni kwa taratibu zote. Rebeca Gyumi, mwananchi asiye na cheo serikalini, akaipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2016 majaji wakasema vifungu vyake vya 13 na 17, vinavyoruhusu hayo, vinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Serikali yenye polisi, jeshi na hazina ilishindwa kesi na mtu mmoja, mwanangu! Iliwezekana kwa sababu Ibara ya 107A ya Katiba inaipa Mahakama kauli ya mwisho katika utoaji haki, na 107B inawataka majaji wawe huru. Rais akiamua peke yake leo unalolipenda, kesho akaamua linalokuumiza, utakwenda kushtaki kwa nani?

Hata hivyo majaji hawakuandika sheria mpya, maana hiyo ni kazi ya Bunge. Waliagiza irekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita, sheria ikabaki vilevile. Hilo linaniuma sana, kwani huku kwetu mabinti wanaendelea kuozwa.

Bunge likitaka, lina meno. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge kutoa taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Kodi nayo haitozwi bila sheria iliyopitishwa na Bunge.

Ila Katiba yetu inataka mawaziri wateuliwe miongoni mwa wabunge. Anayepaswa kuhojiwa anapiga kura pamoja na wanaomhoji, na bajeti ya wizara yake anaipitisha yeye mwenyewe akiwa mbunge. Mimi naona hapo mgawanyo wa madaraka kati ya Serikali, Bunge na Mahakama umelegea, na ningependa uwaziri na ubunge vitenganishwe. Muulize mwalimu wako wa Uraia anaonaje, kisha uniandikie.

Baba na wadogo zako wanakusalimu.

Mama yako