Faili za odt na ods zisomwe kwa muundo wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watengenezaji wa mifumo inayopokea nyaraka: maombi ya kazi, ripoti za halmashauri, hesabu za vikundi, hata makala zinazotumwa vyumba vya habari. Mifumo hiyo mara nyingi hukataa mlangoni faili za LibreOffice, programu huria ya ofisi (.odt kwa maandishi, .ods kwa majedwali), au huzipokea na kuzisoma vibaya. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwani aliyetuma anaambiwa faili imepokelewa, aliyepokea anaona maandishi, na hakuna anayejua kilichopotea katikati.

Muundo wa faili hizo, uitwao OpenDocument, si siri ya mtu. Shirika la viwango la OASIS liliupitisha mwaka 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 26300. Wala si mgeni kwetu: OpenOffice.org, programu ambako muundo huu ulichipukia, ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kazi hiyo.

Faili ya .odt ni furushi la ZIP, yaani faili kadhaa zilizofungwa pamoja na kubanwa. Lifungue utakuta faili za XML, yaani maandishi yaliyowekewa lebo: content.xml yenye maandishi ya waraka, styles.xml yenye mitindo, meta.xml yenye jina la mwandishi na tarehe, folda ya Pictures, na META-INF/manifest.xml inayoorodhesha vyote. Ya kwanza kabisa ni faili ndogo iitwayo mimetype, ambayo haibanwi. Kwa sababu hiyo neno mimetype huonekana wazi kuanzia baiti ya 30, na aina ya waraka kuanzia baiti ya 38. Mfumo unaotaka kujua umeletewa nini usome hapo, usiamini herufi za mwisho wa jina. Na anayefunga furushi upya aanze na zip -X0 mpya.odt mimetype, kisha ndipo aongeze vilivyobaki kwa kuvibana. Akikosea mpangilio huo, vichunguzi vya aina ya faili vitasema hiyo ni zipu ya kawaida tu.

Kosa linalorudiwa mno ni kuchukua content.xml, kufuta kila kilicho kati ya alama < na >, na kudhani kilichobaki ndicho waraka. Sivyo. Katika muundo huu nafasi za ziada kati ya maneno huandikwa kwa lebo text:s, idadi yake ikiwa kwenye text:c. Tabo ni text:tab, na kukata mstari ni text:line-break. Ukizifuta zote, "Jina" na "Kijiji" vilivyotenganishwa kwa tabo vinakuwa "JinaKijiji". Tanbihi nayo haikai chini ya ukurasa ndani ya faili. Lebo text:note huwekwa katikati ya aya, palepale penye alama, ikiwa na namba pamoja na maelezo yake yote. Sentensi inayotaja mwaka 2019 ikifuatiwa na tanbihi ya 3 itatoka "20193", kisha maelezo ya tanbihi yamwagike katikati ya sentensi. Maoni ya pembeni, yaani office:annotation, hufanya vilevile, tena huja na jina la aliyeyaandika.

Hatari kubwa iko kwenye maandishi yaliyofutwa. Mtu akiwa amewasha ufuatiliaji wa mabadiliko, aya aliyoifuta haiondoki. Inahamishiwa ndani ya text:tracked-changes, mwanzoni mwa mwili wa waraka. Programu ya ovyo ya kutoa maandishi itaitoa hiyo kwanza, juu kabisa, kabla hata ya kichwa cha habari. Wewe Mhariri unajua maana yake iwapo kilichofutwa ni jina la mtoa habari. Dawa ni kutumia kisomaji halisi cha XML na kuruka tawi zima la text:tracked-changes, kisha kushughulikia text:note na office:annotation kila moja kwa njia yake. Kwenye docx, muundo wa Microsoft Word, maandishi yaliyofutwa hukaa katika lebo w:delText, kwa hiyo anayekusanya w:t, lebo ya maandishi ya kawaida, peke yake huponea hapo, mara nyingi bila kujua kwa nini.

Majedwali ya .ods yana mitego yake. Kila seli ya namba ina sura mbili: thamani yenyewe katika office:value, na maandishi yanayoonekana kwenye skrini ndani ya text:p. Wengi husoma yale yanayoonekana. Lakini hayo yamekwisha kukadiriwa na kupambwa kwa alama za nchi: Tanzania na Kenya mkato hutenga maelfu, na Kongo, kwa desturi ya Kifaransa, mkato hutenga desimali. "1,250" inaweza kuwa elfu moja na mia mbili hamsini au moja na robo. Thamani iliyo kwenye office:value haina utata huo, na tarehe iliyo kwenye office:date-value huandikwa 2025-07-01 popote pale.

Mtego mwingine ni table:number-columns-repeated. LibreOffice ikikuta seli zinazofuatana zinafanana, huandika moja na kuweka idadi. Mwanachama aliyechangia 50,000 Januari, Februari na Machi anaweza kuwa na seli moja yenye marudio 3. Programu isiyosoma marudio itauhamishia mchango wa Aprili chini ya Februari, na jumla ya mwaka itapungua laki moja. Kinyume chake, anayepanua kila marudio bila kufikiri ataiangusha seva, maana mwishoni mwa jedwali seli tupu hurudiwa hadi mpaka wa karatasi: safu 16,384 kwa mistari 1,048,576, zaidi ya seli bilioni 17. Panua zenye thamani na zilizo tupu katikati, acha mkia.

Wanaobadilisha faili kwa soffice --headless --convert-to, amri ya LibreOffice inayofanya kazi bila kufungua dirisha, wajue kwamba maombi mawili kwa wakati mmoja yakitumia wasifu mmoja, yaani folda moja ya mipangilio, hugongana, na la pili laweza kuishia bila faili wala malalamiko. Kila kazi ipewe folda yake kwa -env:UserInstallation=file:///tmp/kazi1, pamoja na muda wa mwisho. Ukitoa csv, yaani jedwali kwa maandishi matupu, bila maelekezo zaidi utapata karatasi ya kwanza peke yake. Csv hiyo ikifunguliwa kwa kubofya tu katika Excel, namba za simu zinazoanza na sifuri zitaipoteza. Kwa PDF, wekeni fonti za Carlito na Caladea kwenye seva, ambazo vipimo vyake vinalingana na Calibri na Cambria. Bila hizo mistari inahama na namba za kurasa kwenye yaliyomo zinadanganya. Faili ya awali itunzwe daima, PDF iwe ya kusomea.

Na kwa kuwa faili zinatoka kwa watu msiowajua, wekeni kikomo cha ukubwa baada ya kufunguliwa, si kabla, na mzime usomaji wa vitu vya nje katika XML (external entities), yaani marejeo yanayoagiza kisomaji kivute faili nyingine.

Kabla mfumo haujaanza kutumika, tengenezeni odt moja ya majaribio: tabo, tanbihi baada ya mwaka, maoni ya pembeni, na aya iliyofutwa huku ufuatiliaji ukiwa umewashwa. Ongezeni ods yenye michango mitatu inayofanana mfululizo na wa nne tofauti. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na mkiona aya iliyofutwa imejitokeza, msifungue mlango kwa umma siku hiyo.

Mtengeneza programu,
Morogoro