Tulizisikiliza kwa alfabeti, Mhariri: albamu za emo na pop-punk zirudiwe upya

Ndugu Mhariri, salaam kutoka Tanga.

Wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wenu wa burudani kuna msomaji kaandika kwamba zile nyimbo za magita walizokua wanazipenda vijana miaka ya 2000, emo na pop-punk, yaani rock ya mbio ya bendi za Marekani, ni makelele ya watoto wa kitajiri wanaolialia na hakuna hata albamu moja ya kurudia leo. Simjui na sina ugomvi nae. Ila nimekaa na hilo neno siku zote hizi na limenikaa kooni, maana hizo CD mimi ndo nlikua nazichoma kwa mikono yangu, na najua kitu ambacho yeye pengine hakijui, yaani sisi huku zile albamu hatujawahi kuzisikia. Tulisikia nyimbo zake tu, tena zimevurugwa.

Ngoja nieleze. 2006 mpaka 2009 nlikua kijana wa kwenye fremu ya kuchoma CD, Ngamiani, kompyuta moja ya mezani, feni moja, na rundo la CD tupu. Mtu anakuja na orodha kaandika kwenye karatasi la daftari unamchomea. Wengi walikua wanataka Bongo Fleva, Wagosi wa Kaya ndo usiseme maana ni wa nyumbani, taarabu za harusini, na Kikongo. Lakini kulikua na vijana kama kumi hivi, wengine wa sekondari wengine mafundi baiskeli, hao walikua wanataka magita tu. Mzigo wenyewe ulitoka kwa mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea, alipomaliza muda wake akaacha begi la zipu lina CD kama hamsini ndani, bosi wangu akalichukua tukaziingiza zote kwenye kompyuta.

Sasa hapo ndo kosa lilipoanzia. Tulizigeuza mp3 ili CD moja ibebe nyimbo mia na zaidi, na bosi alikua hapendi zile namba za mbele ya jina la wimbo, 01, 02, anasema zinachafua orodha, akawa anazifuta zote. Deki za wakati ule ukiitia CD ya mp3 inapanga faili kwa herufi, A inaanza W inamalizia. Na wimbo wowote uliozidi dakika saba nane ulikua unafutwa kwa sababu unakula nafasi ya nyimbo mbili. Basi ivo ndo zilivyoenda mtaani, na ivo ndo zilivyotuingia kichwani.

Mwaka jana nikapata bando la usiku la maana nikasema wacha nizisikilize kama zilivyotoka kwa wenyewe, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, bila kuruka. Mhariri, nilikaa kitandani na hedifoni nikajiona kama mtu alieishi miaka kumi na tano kwenye nyumba halafu siku moja akafunguliwa chumba asichokijua.

Chukua Enema of the State ya Blink-182, ya 1999. Watu wanaijua kwa utani na fujo. Kwenye CD yetu wimbo uliokua unaanza ni Adam's Song, kwa sababu ya herufi tu, na ule ndo wimbo mzito kuliko yote mle ndani, unamhusu kijana mpweke aliefika mahali pa kutaka kuacha kuishi. Kwa iyo sisi tukaamini hawa jamaa ni watu wa huzuni wanaojaribu kuchekesha. Kumbe kwenye albamu yenyewe ni wa saba kati ya kumi na mbili. Unapigwa utani, unapigwa mbio, Travis Barker anazichapa drams kama anafukuzwa, umeshacheka umejisahau, halafu pale katikati kabisa chumba kinanyamaza na yule kijana anaanza kuongea. Halafu baada yake wanarudi na wimbo wa furaha, ule uliopigwa kila redio. Ukiisikia kwa mpangilio huo inauma mara mbili, maana ndivyo ilivyo kwa mtu aliekufa moyo, anakua katikati ya wenzake wanaocheka na hakuna anaejua. Mimi nlimpoteza rafiki wa namna iyo. Sitasema zaidi.

Halafu kuna The Black Parade ya My Chemical Romance, 2006. Hii ndo imenifanya nishike kalamu. Ni hadithi moja tokea mwanzo mpaka mwisho, kuna mgonjwa wa kansa yuko kitandani anakufa, na kifo kinamjia kwa sura ya gwaride, kwa sababu kumbukumbu yake kubwa ya utotoni ni siku baba yake alipompeleka mjini kuangalia gwaride. Wimbo wa kwanza unaanza na mlio wa ile mashine ya hospitali inayohesabu mapigo ya moyo, na jina la wimbo uo wa kwanza ni Mwisho, ndo maana ya jina lake, The End. Umeona ufundi? Sasa kwetu ule wimbo ulikua unakuja karibu na mwisho, chini kule kwenye T. Na uliokua unatufungulia CD ni Blood, ambao wenyewe waliuficha kwa makusudi, kwenye CD halisi albamu inaisha, kimya kinapita kama dakika moja na nusu, ndo unatokea kama mtu alierudi kuchungulia mlangoni. Sisi tulikua tunaanza nao! Na gwaride lenyewe, Welcome to the Black Parade, ule wimbo unaoanza na noti moja ya piano ambayo mpenzi yeyote wa huu muziki akiisikia anageuka, uko wa tano kwenye albamu, kwetu ulikua wa mwisho kabisa kwa sababu ya W. Mgonjwa wetu aliumwa, akafa, akapelekwa hospitali, ndo mwisho kabisa akakumbuka baba yake. Halafu mtu anakuja kuniambia albamu haina maana! Haiwezi kua na maana kwa namna tulivyoichinja.

Na American Idiot ya Green Day, 2004, iyo dhambi yake ni kubwa zaidi. Ina nyimbo mbili za dakika tisa na ushee, kila mmoja umeunganishwa vipande vitano, mmoja uko mwanzoni unamtambulisha kijana wa hadithi na mmoja uko karibu na mwisho unamrudisha nyumbani. Hizo mbili ndo nguzo za nyumba. Na hizo mbili ndo bosi alizifuta maana ni ndefu. Wimbo wa tatu, Holiday, unaingia kwenye wa nne, Boulevard of Broken Dreams, bila kukatika, gita linabaki linatetema ndo sauti inaingia taratibu, kwetu wa nne ulikua unakuja kwanza, B kabla ya H, umekatwa kichwa. Na wale jamaa walipigana kuipata iyo albamu, walikua na kazi nyingine karibu imekamilika, 2003 kanda zake zikaibiwa studio, wakaamua wasirudie ile waanze kitu kipya kabisa. Prodyuza wao Rob Cavallo ndo huyo huyo alietengeneza Dookie yao ya 1994 na ndo huyo huyo wa The Black Parade, ukijua ilo utaelewa kwa nini magita ya hizo tatu yanasikika mazito lakini maneno hayapotei.

Clarity ya Jimmy Eat World ya 1999 nitaigusa kidogo tu ingawa moyoni ndo nnayoipenda kuliko zote. Inaisha na wimbo wa dakika kumi na sita. Kumi na sita! Bila shaka unajua nini kiliupata kwetu. Nimeusikia kwa mara ya kwanza mwaka jana nikiwa na miaka thelathini na saba, saa nane usiku, unazunguka unazunguka sauti zinapandana moja juu ya nyingine mpaka unasahau uko wapi, na sikua tayari uishe. Lebo yao ikaachana nao baada ya iyo albamu, wakatia pesa zao wenyewe kurekodi iliyofuata, Bleed American ya 2001, na iyo ndo iliyowatoa.

Sasa nirudi kwenye neno la kulialia. Emo jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la hisia, emotional, na muziki wenyewe ulianzia Washington miaka ya katikati ya 80, vijana wa punk waliochoka ngumi ukumbini wakaamua kuimba yaliyo moyoni, Rites of Spring ndo wanatajwa kwanza, albamu yao ni ya 1985, na wenyewe hata ilo jina la emo hawakulipenda. Kwa hiyo ndio, wanalia. Kwani sisi Tanga tulianza lini kuona aibu ya mtu kulia kwenye wimbo?

Marehemu bibi yangu alikua anakaa Mikanjuni, na ujana wake wote ulikua Black Star na Lucky Star, yale magita ya taarabu ya Tanga ambayo Unguja hawakua nayo. Siku moja nimemuwekea sabufa sebuleni napiga Ocean Avenue ya Yellowcard, ya 2003, wale wana fidla kwenye bendi, fidla kabisa katikati ya magita ya mbio. Bibi alikua anachambua mchele kwenye ungo. Akasimamisha mikono. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyu wa fidla ni mtu wa wapi?" Nikamwambia Florida, Marekani. Akasikiliza tena kidogo akauliza na huyu anaeimba mbona ana haraka hivi na sauti yake kama ya mtu anaelia, anasema nini? Nikamtafsiria kadiri nlivyoweza, kwamba anaukumbuka mtaa wa ujana wake na mtu aliekua nae pale. Bibi akarudi kwenye mchele wake akasema, "Basi si Macho Yanacheka hiyo."

Mhariri, nimesoma maandishi mengi ya wataalamu kuhusu pop-punk na hakuna aliewahi kuieleza vizuri kama bibi. Shakila, yule mwimbaji wa taarabu ya Tanga, aliimba macho yanacheka moyo unalia, na ndo kazi nzima ya huu muziki, mdundo wa kurukaruka juu, kidonda chini. Anaesema ni mambo ya kizungu ambayo hayatuhusu aende akamsikilize Shakila kwanza.

Sitaki kuonekana nafumba macho. Kuna mengi mle nikiyasikia leo na umri huu yananikera, wanaume wale wakiachwa na msichana basi kosa lote la msichana, albamu nzima, nyingine baada ya nyingine. Nlipokua na miaka ishirini niliona sawa, sa hivi nina binti na sioni sawa. Ndo maana Riot! ya Paramore ya 2007 nadhani imezeeka vizuri kuliko nyingi, mwimbaji wao Hayley Williams alikua bado kinda wakati ule na sauti yake inakata kama msumeno, na hata yeye kuna mstari kwenye wimbo mkubwa wa albamu iyo, Misery Business, aliouandika utotoni, unaomtukana msichana mwenzie, 2018 akasema wimbo huo hauimbi tena jukwaani, ukarudi 2022. Msanii anaebishana na wimbo wake mwenyewe nampa heshima. Pinkerton ya Weezer ya 1996 nayo ina matatizo hayo hayo, jamaa anasema vitu vya aibu kuhusu nafsi yake mpaka unataka kuzima, ilipotoka watu waliiponda sana, baadae ndo ikaja kuhesabiwa kati ya bora. Mimi naisikiliza kama mtu anaeungama, simtetei.

Na kama una usiku mmoja tu na hutaki kelele kabisa, ile ya kwanza ya American Football, 1999. Ya wanafunzi wa chuo kule Illinois, nyimbo tisa, tarumbeta linaingia pale usipolitegemea, jalada lake ni picha ya nyumba ya kawaida usiku taa imewaka dirishani. Walivunja bendi mapema tu, na albamu ikaendelea kutembea bila wao, mtu mmoja akimpa mwenzie, mpaka 2014 wakalazimika kurudi jukwaani.

Ombi langu kwenu ni moja. Ukurasa wa burudani kila wiki ni singo na nani kamwambia nini nani. Tupeni hata nusu ukurasa kwa albamu moja, iwe ya hawa, iwe ya Bongo Fleva, iwe ya zamani ya Atomic Jazz au Jamhuri Jazz wa hapa hapa Tanga, na mchapishe orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake, kwa namba. Namba tafadhali msiziache.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, kaona picha za wale jamaa wa gwaride na nguo zao nyeusi kwenye simu akaja kuniuliza. Nimemuwekea kwenye flashi, nimekaa jioni nzima baada ya kufunga kazi naandika upya majina ya faili moja moja, 01 mpaka 13, na ule uliofichwa nimeutengenezea faili lake na kimya chake mbele. Nimemwambia asiruke. Ijumaa anakuja kunirudishia flashi, ndo nitajua kama alifika mpaka kwenye kile kimya akadhani imeisha.

Fundi simu,
Ngamiani Kati, Tanga