Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Darasa la daktari lisitengwe na wodi

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia, nikiwa mkufunzi mstaafu wa matabibu, kuhusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi na wachoraji ramani peke yao, nalo ni umbo la majengo wanamofunzwa madaktari. Ninaomba kwamba mchoro wowote wa jengo la mafunzo ya tiba mjini Mombasa usipitishwe kabla ya wanaofunza wodini kuketi na mchoraji na kuupitia chumba baada ya chumba.

Ngome yetu ya Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka uliofuata, kwao Italia, Chuo Kikuu cha Padua kilijenga ukumbi wa kudumu wa kupasulia maiti, wakati wa profesa Girolamo Fabrici, na ukumbi huo ungali umesimama. Una safu sita za mbao zilizopandiana kwa umbo la yai, na chini kabisa, katikati, ndipo ilipokaa meza. Hapakuwa na viti. Wanafunzi walisimama wamebanana, wameegemea vizuizi vya mbao, wakitazama chini. William Harvey, ambaye baadaye alieleza jinsi damu inavyozunguka mwilini, alisoma Padua na kuhitimu mwaka 1602. Aliyeubuni ukumbi ule alitaka kila mwanafunzi aone, na alifaulu, ila kilichoonwa pale kilikuwa maiti, si mgonjwa.

Upungufu huo ulichukua karne nyingi kuondolewa. Huko Baltimore, Marekani, Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mwaka 1889 na chuo chake cha udaktari kikafuata mwaka 1893, ambapo daktari William Osler aliwapeleka wanafunzi wodini wakawa na wagonjwa wao wa kuwafuatilia. Mwaka 1910 mtaalamu wa elimu Abraham Flexner, baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, alikifanya chuo hicho kuwa kipimo cha vingine, na vingi visivyokuwa na maabara wala hospitali vikafungwa. Sisemi kwamba kipimo hicho kilikuwa cha haki kwa kila mtu, kwa maana kati ya vyuo saba vya Wamarekani weusi vilibaki viwili tu, na sisi wa Pwani tunapaswa kulikumbuka hilo kila tunapoletewa viwango vya gharama kubwa vilivyotungwa kwingine.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichopokea wanafunzi wake 20 wa kwanza mwaka 1969 na kuwafunza katika vikundi vidogo kwa kuchambua matatizo ya wagonjwa, mtindo ambao hata Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, waliufuata. Jengo lao la mwaka 1972 liliweka hospitali na chuo chini ya paa moja, na kati ya ghorofa na ghorofa wakaacha nafasi ya mabomba na nyaya, ili vyumba vibadilishwe bila kusimamisha matibabu.

Mheshimiwa, fika wodini asubuhi wakati wa raundi utazame. Wanafunzi huzunguka kitanda kimoja, walio nyuma huona mabega ya wenzao tu, muuguzi hutafuta pa kupitisha dripu, na mgonjwa husikia habari zake zikijadiliwa mbele ya jirani wa kitanda cha pili. Ukumbi wa viti mia tatu hautaondoa adha hiyo hata ukijengwa kwa marumaru. Kitakachoiondoa ni chumba kidogo kando ya kila wodi, chenye meza, ubao na mlango unaofungika, ambamo kikundi kitaingia kujadili kabla ya kurudi kwa mgonjwa.

Naomba pia madirisha yafunguke na yaelekezwe kupokea upepo wa kusi na wa kaskazi, kama walivyojua waliojenga nyumba za Mji wa Kale, kwa kuwa chumba cha vioo vilivyozibwa hakikaliki umeme unapokatika mwezi wa Februari, na hewa iliyotuama husambaza kifua kikuu.

Mchoro ukiwa tayari, ubandikwe hospitalini wiki kadhaa kabla ya kikao cha ushirikishaji wa umma, ukiwa na maelezo ya Kiswahili, ili wauguzi na wasafishaji wa wodi nao wauone na kutoa maoni yao.

Wako mwaminifu,
Mkufunzi mstaafu, Mombasa