Risala ya Wanafunzi wa Warsha ya Picha za Habari kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wapigapicha wakufunzi wetu,
Wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla ya kufunga warsha yetu. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko, na zaidi kwa kuzipitia picha zilizobandikwa ukutani moja baada ya nyingine, ukisoma na maelezo yake. Hilo limetugusa sana, maana maelezo hayo yametutoa jasho kuliko picha zenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafunzo ya namna hii yana historia. Clifton Edom, mwalimu wa picha za habari, alianzisha warsha ya Missouri, Marekani, mwaka 1949, na picha ya kupangwa hakuitaka kabisa. Eddie Adams, aliyepiga picha ya mfungwa akiuawa kwa bastola mtaani Saigon, Vietnam, mwaka 1968, alianzisha ya kwake mwaka 1988. Wanafunzi wanaochaguliwa hawalipi ada. Kote huko kazi kubwa ni moja: mzoefu anaketi na chipukizi, wanazitazama picha pamoja.

Nasi tumelelewa hivyo. Mchana tulitoka kutafuta habari, usiku tukaketi mbele ya skrini. Mkufunzi anazipitisha picha harakaharaka, mara anasimama kwenye moja na kuuliza: "Huyu ni nani? Alikuwa akifanya nini kabla hujabonyeza? Mbona ulisimama mbali?" Mwenye picha akikosa jibu, kesho yake anarudishwa palepale, kwa mtu yuleyule. Wengi tulikuja tukiitegemea lenzi ndefu. Wakufunzi walituagiza tuiweke kando, tusogee kwa miguu, tusalimie, tuombe ridhaa, kisha tukae hadi wenyeji wazoee kuwa tupo. Picha unazoziona pale katikati ya ukuta, ambazo kwa maoni yetu ndizo bora, zote zilipatikana baada ya kukaa huko.

Kuchuja nako kuliuma. Picha yenye mwanga mzuri inaondolewa kwa sababu haisimulii kitu, na ile uliyoidharau inarudishwa kwa sababu ya mkono mmoja tu ulioshika bega la mwenzake. Tungejifunza wapi jambo hili peke yetu? Kamera haiwezi kukueleza.

Kuhusu ukweli hatukupewa mwanya. Kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi kunaruhusiwa. Kumfuta mtu au nguzo, hapana. Kumwomba mtu arudie tendo halafu kuliita tukio, hapana. Jina likikosewa herufi moja, picha haibandikwi.

Usiku mmoja tulizungumzia picha za watu walio katika dhiki. Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi, alirekodi njaa ya Korem, Ethiopia, na dunia ikashtuka ikachangia misaada. Wakufunzi walitueleza bila kuficha kwamba kazi kama hiyo huokoa watu, na pia humwachia mpigapicha mzigo moyoni. Walitutaka tusiubebe kimyakimya. Tunawashukuru kwa kutufungulia hata mlango huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. La kwanza, na ndilo kubwa kwetu, ni malezi haya yasiishie leo. Tunaomba uratibu wa kudumu ili kila mwanafunzi awe na mkufunzi wa kumtumia kazi zake na kupata maoni ya kweli. Pili, utusemee kwa wahariri: picha ya chipukizi ichapishwe na jina lake, ilipwe, na haki yake ijulikane kwa maandishi tangu mwanzo. Sam Nzima, mpigapicha wa Afrika Kusini, alipiga picha ya Hector Pieterson, mwanafunzi aliyepigwa risasi na polisi, huko Soweto tarehe 16 Juni 1976. Haki ya picha hiyo, iliyozunguka dunia nzima, aliipata mwaka 1998. Hatutaki mwenzetu yeyote asubiri hivyo. Tatu, tunaomba kamera za kuazima kwa wasio nazo, pamoja na mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya kutumwa kwenye maandamano au maafa.

Kwa wakufunzi wetu: mliacha kazi zenu, mkakesha nasi, mkatuambia ukweli hata pale tulipotamani kusifiwa. Asanteni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Warsha ya Picha za Habari