Viwakilishi vya Kifaransa kwa mwenye Kiswahili chake

Arusha, Jumapili jioni

Mpendwa Neema,

Habari za Moshi, na za nyumbani? Barua yako imefika. Nimefurahi sana kwamba umeanza Kifaransa kabla ya msimu wa wageni kushika kasi.

Umeuliza uanzie wapi na vijineno hivi vya je (mimi), le na lui ("-m-" ya anayetendewa). Anzia kwenye Kiswahili chako. Unaposema "ninamwona", anayeonwa unamweka mbele ya "-ona". Mfaransa naye hufanya hivyo: je le vois. Kwa hiyo je vois le ni kosa, na sikio lako lenyewe litalikataa ukikumbuka kwamba hakuna asemaye "ninaonam".

Tofauti iko kwenye wakati uliopita. Sisi tunasema ni-me-mw-ona, alama ya wakati ikitangulia. Wao humtanguliza anayeonwa: je l'ai vu. Wanafunzi wengi wa kwetu huandika j'ai le vu kwa sababu hiyo. Lakini "nitakwenda kumwona" ni je vais le voir, na hapo le imekaa palepale pa "-mw-".

Jambo jingine: sisi husema "namwona mgeni", yaani "-m-" na "mgeni" pamoja. Wewe chagua moja, je vois le client au je le vois. Vilevile "mgeni anakunywa chai" ni le client boit du thé, bila il (yeye, mwanamume) katikati.

Il na elle (yeye, mwanamke) zinasumbua kwa kuwa "a-" yetu haibagui mume na mke. Tena Wafaransa wanavipa jinsia hata vitu. Zichukue kama ngeli mbili tu. Wewe uliyezoea ngeli zetu zote, mbili hazikushindi. Usijifunze neno peke yake, lijifunze na le au la yake: le sac (mfuko), la tente (hema), la gourde (chupa ya maji). Kisha jiulize na kujibu kwa sauti. Où est le sac ? Il est ici. Où est la tente ? Elle est là. Maneno kumi kwa siku yanatosha, tena yawe ya kazi yako ya mlimani. Mlima wenyewe ni le Kilimanjaro, kwa hiyo il. Ukiuita la montagne, unakuwa elle. Kwa wengi, kundi la wanawake watupu ni elles, lakini akiwemo mwanamume hata mmoja ni ils.

Sasa penye ugumu hasa. "Namsubiri" na "nampigia simu" kwetu zote zina "-m-". Kwao kitenzi ndicho kinachoamua. Attendre (kusubiri), aider (kusaidia), écouter (kusikiliza), suivre (kufuata), remercier (kushukuru) huchukua le, la, les: je l'attends, je l'aide. Vitenzi vinavyodai à (kwa) kabla ya mtu, kama parler (kuzungumza), téléphoner (kupiga simu), répondre (kujibu), dire (kusema), donner (kutoa), huchukua lui kwa mmoja na leur kwa wengi: je lui téléphone. Hapo lui ni mwanamume au mwanamke, sawasawa na "-m-" yetu, kwa hiyo pumzika kidogo. Kwenye daftari andika kitenzi pamoja na à yake tangu siku ya kwanza, yaani téléphoner à, maana bila hiyo utabaki kubahatisha.

Kukanusha, ne na pas huvibana kiwakilishi na kitenzi pamoja: je ne le vois pas. Amri ndiyo inayogeuza mpangilio: suivez-moi (nifuate), attendez-moi (nisubiri). Ukikataza, moi inarudi mbele na kuwa me: ne me suivez pas.

Mgeni mwite vous, yaani "wewe" ya heshima, hata akiwa peke yake. Sisi heshima tunaiweka kwenye shikamoo, wao huiweka kwenye neno hili. Ngoja yeye mwenyewe apendekeze tu ya Kifaransa, yaani "wewe" ya kirafiki. Hiyo u ya tu si "u" yetu: ulimi uwe wa "i", midomo iwe ya "u". Ukikosea utasikika unasema tout (yote).

Sikiliza pia il parle (anazungumza) na ils parlent (wanazungumza); hutasikia tofauti. Lakini ils arrivent (wanafika) ina "z" katikati, na hiyo ndiyo inayokuambia ni wengi.

Viwakilishi vingine, y na en, viache mpaka hivi vikutoke bila kufikiri. Niandikie sentensi kumi, tano za le au la, tano za lui, nami nitazisahihisha na kukurudishia.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa Arusha