Malalamiko Kuhusu Sanamu ya Karafuu na Utovu wa Adabu wa Msimamizi wa Karakana Yenu

Kwa Meneja Mkuu,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe sikuikuta karakanani kwenu. Mkataba mnao, michoro mnayo, na masharti yenu ya udhamini mnayajua kuliko mimi, kwa hivyo sitayarejea. Ninalolalamikia ni kwamba sanamu ya karafuu ya mita 6 mliyoileta Mkoani, ambayo inatakiwa isimame mbele ya bahari, imeanza kushika kutu, na kwamba nilipoonya mapema kuwa itakuwa hivyo nilidhalilishwa mbele ya watu.

Mchoro ulitaka stenlesi (chuma kisichoshika kutu kwa urahisi) ya daraja la 316. Kampuni inayojitangaza kuwa bingwa wa kazi za pwani haihitaji kufundishwa kwa nini: 316 ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, nayo ndiyo inayoizuia chumvi isitoboe chuma, ilhali daraja la 304, ambalo ni la bei nafuu zaidi, halitiwi madini hayo. Kwa macho hazitofautishiki, na sumaku haisaidii kuzitambua, ndiyo maana nilidai cheti cha kiwanda cha kila bamba. Niliambiwa cheti kimo ndani ya faili, kisha nikaambiwa faili liko Dar es Salaam, na sasa simu haipokelewi.

Siku niliyokuja na wazee wawili wa kamati ya bustani, nilimkuta kijana wenu akisugua maungio ya ile sanamu kwa brashi ya waya ileile aliyotoka kusugulia geti la chuma cha kawaida. Nilimuuliza msimamizi, kwa sauti ya chini, kama anajua kwamba chembe za chuma cha kawaida zikikwama juu ya stenlesi hushika kutu na kuiharibu. Hakunijibu. Aliuchukua mchoro wangu mezani, akafutia mikono yake iliyojaa grisi, akasema, "Bibi, kachore kanga, vyuma tuachie sisi." Vijana wakacheka.

Kutu yenyewe ilionekana hata kabla ya sanamu kupakiwa melini. Pale bandarini Malindi, Unguja, palikuwa na michirizi ya rangi ya machungwa kwenye maungio yote ya kichwa, na dereva wenu aliagizwa aniambie ni vumbi la barabarani. Hiyo ni mbali na bolti za kitako, ambazo mmezifunga za chuma cha kawaida, zikigusana na stenlesi bila hata kipande cha plastiki cha kuzitenganisha katikati. Kwenye unyevu wa chumvi, metali mbili za namna hiyo zikigusana, ile dhaifu huliwa kwanza, na hapa iliyo dhaifu ndiyo inayoishikilia sanamu nzima isiwaangukie watoto.

Narudi kwenye suala la mchoro, kwa sababu nimesikia mnalieleza kuwa ni mzaha wa kazini. Matambara safi yalikuwepo juu ya meza ileile, karibu na mkono wake. Aliyaacha. Alinitazama usoni huku akifuta kiganja, kisha kidole kimoja baada ya kingine, juu ya karatasi iliyokuwa na saini za wazee wale wale waliosimama nyuma yangu, na alipomaliza aliikunja akanirejeshea kana kwamba ni risiti. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Mimi nimefanya kazi na mafundi maisha yangu yote na sijapata kuona fundi akimfanyia hivyo hata mwanagenzi wake, seuze mteja. (Ni huyo huyo aliyenikaribisha chai siku nilipoleta malipo ya awali.)

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba maungio yasafishwe kwa asidi mpaka chembe zote zitoke, na bolti zibadilishwe. Sasa naona hilo halitoshi. Nataka bamba zipimwe kwa dawa ya kutambua molibdeni, mbele yangu na mbele ya kamati. Zikionekana si 316, sanamu itatengenezwa upya kwa gharama yenu, pamoja na nauli ya meli ya kwenda na kurudi. Nataka pia msimamizi aombe radhi kwa maandishi, na barua hiyo isomwe karakanani mbele ya vijana waliocheka.

Mkikaa kimya kwa siku 14 tangu kuipokea barua hii, nitadai fedha zangu zote, nitapeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, na tutaonana mahkamani. Malipo ya mwisho nimeyazuia kuanzia leo, na msimtume msimamizi yule kuja kuyadai.

Wasalaam,

Mchongaji na mteja wenu,
Mkoani, Pemba

Nakala: Mwanasheria wangu, Kamati ya Bustani